Kisu Kidogo cha Kukunja: Kifungwe Pete au Kiachwe Huru?

Wapenda visu wa hapa Moshi tuna ubishi wetu mmoja usiokwisha, na wala hauhusu chuma au makali. Unahusu ile pete ndogo iliyo mkiani mwa kisu cha kukunja. Upande mmoja wanasema kisu kisicho na pete kimeshapotea, kinachosubiriwa ni siku yake tu. Upande wa pili wanasema pete inakera kiganjani, inalialia mfukoni, na inakishusha hadhi kisu kizuri mpaka kinaonekana pambo la funguo.

Nautaja msimamo wangu mapema, mwenye haraka asipoteze muda: kwa kisu kidogo cha jadi, kile cha springi kisicho na kufuli, kinacholala kwenye mfuko wa suruali bila kuuvimbisha, pete ina faida pale tu unapojua itafungwa na nini. Pete ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni kamba, mkufu, funguo au mkanda, na hiyo nusu ya pili ndiyo inayoamua kama umepata faida au umejitafutia kero.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Kisu kidogo kwangu ni cha kuchuna waya, kukata tepu, kufungua boksi la swichi, kuchonga kijiti cha kuziba tundu la skrubu lililolegea, na mchana kumenya chungwa. Jioni nanoa na kukarabati visu vya marafiki, wengi wao waongozaji wa mlimani na wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita. Ndiyo maana visu vingi vinapita mikononi mwangu kuliko mapato yangu yanavyoruhusu. Katika mji huu visu vizuri vya kukunja havitoki sana madukani, vinashuka kutoka mlimani. Mgeni akimaliza safari yake ya Kilimanjaro hugawa vitu: glavu, tochi ya kichwani, chupa ya maji, na mara nyingine kisu chekundu chenye msalaba mweupe. Vingine huja na mitumba. Ukiwa na jicho na subira, kwenye masoko ya Kiboriloni au Memorial unaweza kukikuta kimesahaulika ndani ya koti, na muuzaji mwenyewe hana habari.

Kabla ya kwenda mbele tutenganishe pete, maana nimesikia watu wakibishana saa nzima kumbe kila mmoja ana pete yake kichwani.

Chukua Okapi. Wengi wetu tumekikuta kwa babu zetu au kwa walinzi wa usiku: mpini wa mbao wenye mwezi na nyota za bati, bapa (ile sehemu yenye makali) refu lililochongoka. Visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, wakati ambao Moshi nayo ilikuwa chini ya bendera yao. Tangu mwaka 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini, huko Isithebe, KwaZulu-Natal. Ile aina inayolia krr-krr unapoifungua ina pete mgongoni mwa mpini, na pete hiyo imewekwa ili uinue springi, bapa liachiwe, ukunje kisu. Ni kitasa, haikuwekwa kwa ajili ya kufungia kamba. Nimeletewa Okapi iliyofungwa mnyororo wa funguo kwenye pete hiyo, mwenyewe akilalamika kwamba kufuli limelegea. Lisingelegea vipi? Kila alipotembea, uzito wa kisu kizima ulikuwa ukivuta kile kile kinachofungua kufuli. Kisu chenye ncha namna ile, kikijifungua kidogo ndani ya mfuko wa suruali, sihitaji kueleza kinaelekea wapi.

Opinel nayo ina pete, ila ni pete ya shingoni. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu hivi mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, na kwa miongo mingi havikuwa na kizuizi chochote, bapa lilishikwa na msuguano wa mbao tu. Mwaka 1955 Marcel Opinel akaongeza ile pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisikurudie vidoleni. Hiyo ni pete ya usalama. Ukifunga kamba hapo, kwanza haifungiki, na ikifungika utakuwa umeharibu kitu cha maana kuliko vyote kwenye kisu hicho.

Kwa hiyo tunayoizungumzia ni ya tatu: pete au kikuku cha waya kilicho mkiani, mbali na pini ambayo bapa huzungukia, kisicho na kazi nyingine isipokuwa kukifunga kisu na kitu.

Pete hii haikuzaliwa kwa ajili ya funguo. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanaume wa Ulaya au Marekani aliyejiweza alivaa kizibao, na ndani ya mfuko wa kizibao kulikuwa na saa yenye mkufu. Upande mmoja wa mkufu saa, upande mwingine kisu kidogo cha kuchongea kalamu, kukatia biri na kufungulia barua. Kisu hicho kilikuwa chembamba, mara nyingi cha fedha au chenye mpini wa lulumizi, na pete yake ilikuwa na mahali pake hasa: ilikuwa sehemu ya vazi. Hata Opinel, ilipopanga visu vyake kwa namba mwaka 1897, kuanzia 1 hadi 12, ile namba 1 ndogo kabisa ilikuwa na pete ya kufungia kwenye mkufu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia saa zikahamia mkononi, vizibao vikapungua, mkufu ukatoweka. Pete ikabaki bila mwenyeji. Ndipo ukaja wakati wa funguo za gari na za geti, pete ikapata nyumba mpya.

Ukoo wake wa pili ni wa mabaharia na askari. Kisu cha kukunja cha jeshi la Uingereza, kile kizito chenye bapa, kifungua kopo na mwiba wa chuma wa kufungulia mafundo, kilikuwa na pete kubwa mkiani na kilifungwa kamba. Sababu iko wazi. Mtu aliye juu ya mlingoti wa meli akiachia kisu, ama kimezama baharini, ama kimemtua mwenzake kichwani.

Ukiweka koo hizi mbili pamoja utaona jambo ambalo wabishi wengi hawalioni. Pete ilikaa vizuri kwenye kisu kidogo sana kinachovaliwa, na kwenye kisu kikubwa kinachotumika mahali ambapo kuanguka ni hasara au hatari. Kile cha katikati, kisu cha mfukoni cha sentimita nane au tisa kikiwa kimekunjwa, ndicho chenye mgogoro.

Na hapo napenda mfano wa Waswisi. Jeshi la Uswisi lilianza kuwapa askari wake kisu cha kukunja mwaka 1891. Mwaka 1961 likaja toleo la mpini wa alumini wenye mistari, urefu milimita 93, lililodumu mpaka 2008 lilipobadilishwa. Kisu kile cha askari hakikuwa na pete. Ndugu yake wa kiraia, anayeitwa Pioneer, kinafanana nacho karibu kila kitu lakini kina pete. Yaani jeshi, lenye kila sababu ya kuogopa askari kupoteza vifaa, liliridhika kwa zaidi ya miaka 40 na kisu kisichofungika, na ni raia aliyeuziwa pete. Mimi napenda kufikiri mkuu wa vifaa alijua kwamba askari ana mfuko wenye kifungo.

Sasa funguo, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoishi.

Kile kidogo chekundu cha Victorinox, kampuni ya visu ya Uswisi, kinachoitwa Classic kina urefu wa milimita 58 na uzito wa gramu 21 hivi. Ndani kina bapa dogo, mkasi, tupa ya kucha, kibano na kijiti cha meno. Kwa kisu cha ukubwa huo pete siibishii. Kisu chenyewe kinapotea ndani ya mfuko wako mwenyewe, katikati ya sarafu na vocha. Ukikifunga na funguo unakiona kila siku, unakikumbuka, na mkasi wake unatumika kuliko ulivyotarajia. Waongozaji wengi niwajuao wanavyo hivi, na mkasi ndio wanaousifu: kukata plasta ya malengelenge, kukata uzi wa begi.

Lakini tazama kinachotokea unapotaka kula. Umekaa stendi, umenunua parachichi, umetoa kisu. Kimefuatana na ufunguo wa geti, wa kufuli la duka, wa pikipiki, kiholda cha shanga ulichonunua Arusha, na kifungua chupa. Ukikata, shada lote linapigapiga juu ya parachichi. Funguo hizo zimeingia kwenye makufuli yenye grisi, zimelazwa juu ya kaunta, zimeanguka chini hapo hapo stendi, na hakuna mtu aliyewahi kuosha funguo zake kwa sabuni. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi. Tunanawa mikono kabla ya kula, halafu tunapitisha ufunguo wa choo juu ya tunda. Mwenye kisu ndiye mla nyama, sawa, ila asile na funguo.

Dawa yake ipo na ni nyepesi: weka klipu ndogo ya springi kati ya kisu na funguo, uweze kukichomoa kwa vidole viwili. Ile pete ya mizunguko miwili inayovunja kucha ukitaka kuifungua haifai kwa kisu kinachogusa chakula, kwa sababu inakulazimisha ukitumie kikiwa na mizigo yake.

Halafu kuna swichi ya kuwashia. Mwaka 2014 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani iliita mamilioni ya magari yarudishwe kwa matengenezo, kwa kuwa swichi ya kuwashia iliweza kujizungusha na kuzima injini gari likiwa barabarani. Watu walikufa. Wakati wenye magari wakisubiri kubadilishiwa, waliambiwa waendeshe na ufunguo mtupu, wavue kila kilichoning'inia. Kosa lilikuwa la swichi yenyewe, na pikipiki zetu ni kitu kingine, lakini kanuni ya uzito ni ile ile: kinachoning'inia kwenye ufunguo kinauvuta, na barabara ya matuta ya kupanda Kibosho inaongeza. Mwendesha bodaboda mwenye kisu cha milimita 91 kwenye ufunguo wa pikipiki huwa namwambia: kaka, kitoe hicho, kiweke mfukoni. Wengine wananisikiliza.

Na kuna mlinzi wa mlangoni. Benki, mahakamani, uwanja wa ndege, kisu kilichofungwa na funguo kinakuweka njia panda: unaacha kisu na funguo pamoja, au unasimama pembeni ukihangaika kukitenganisha huku foleni inakutazama. Kilicho peke yake unakiacha nyumbani au unakitupia kwenye begi kubwa, kwisha habari. Hili pekee limewafanya rafiki zangu wawili watatu wahame kambi.

Nije kwenye mkono, maana visu vimetengenezwa kwa ajili yake.

Shika kisu kidogo kama unavyokishika kuchonga kijiti: kidole gumba mgongoni mwa bapa, vidole vinne vimekumbatia mpini, na mkia umeegemea nyama ya kiganja chini ya kidole kidogo. Pale mkia unapoegemea ndipo pete ilipo. Ukikata karatasi husikii kitu. Ukichonga mti wa mkahawa uliokauka, ambao ni mgumu haswa, kwa dakika chache tu kiganja kinakuwa na alama ya duara. Kikuku kinacholala, kile kinachozunguka kwenye pini na kujilaza ubavuni mwa mpini, kinavumilika. Pete iliyokaza inayosimama imara nje ya mkia haivumiliki. Tofauti hii ndogo ya utengenezaji ina uzito kuliko ubishi wote wa kuwa na pete au kutokuwa nayo.

Na si kila kisu kinaweza kupokea pete. Visu vingi vya jadi vya kalamu vina bapa mbili, moja kila ncha. Ncha zote mbili zina pini ya bapa, na mkia haupo: kila mwisho ni kichwa. Mtengenezaji akitaka kuweka pete hapo itabidi aipitishe kwenye pini ya bapa mojawapo au aichomoze pembeni, na popote atakapoiweka itakuwa njiani mwa bapa moja. Ukiona kisu cha namna hiyo hakina pete, usimlaumu fundi. Kisu cha bapa moja ndicho chenye mkia wa kweli, na hapo pete hupata mahali pa haki.

Ninachokionea wivu katika jambo hili ni Douk-Douk, kisu cha Kifaransa cha mji wa Thiers kinachotengenezwa tangu 1929. Mpini wake ni bati moja lililokunjwa, jembamba, na mkiani mwake kuna kikuku kilichotulia kana kwamba bati lilizaliwa nacho. Niliwahi kukishika cha mgeni mmoja, nikakifungua na kukifunga mpaka nikaona aibu. Mercator ya Solingen, Ujerumani, ile nyeusi yenye paka mpinini, ina wazo hilo hilo la bati lililokunjwa na kikuku mkiani. Visu hivi vilifikiriwa na pete tangu mwanzo, ndiyo maana haikeri. Kinachokera ni pete iliyoongezwa baadaye ili kisu kiuzwe.

Sasa upande wangu, juu ya ngazi.

Kwenye kazi ya umeme kisu kikianguka kutoka darini kinaweza kumpata dogo anayenishikia ngazi. Hapo sibishani: kinafungwa. Lakini hakifungwi na mkufu wa chuma. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, na mkufu unaoning'inia kutoka kiunoni hadi kwenye boksi la meinswichi lililo wazi unatafuta njia ya kukuunganisha na usichokitaka. Hata ukiwa umezima, zoea la kuvaa chuma kinachoning'inia ni zoea baya, maana siku moja utafungua boksi ambalo mtu mwingine amesema amezima. Dogo wangu alikuja asubuhi moja na mkufu mrefu wa kung'aa kutoka kwenye mkanda hadi mfukoni, kisu mwishoni, amependeza kweli.

"Bosi, sasa hakianguki."

"Hakianguki, sawa. Uvue."

Akauvua kwa shingo upande. Nikampa kipande cha kamba ya viatu, ile bapa ya raba za michezo. Ndiyo ninayotumia mwenyewe. Haipitishi umeme ikiwa kavu, haikwaruzi mpini, na haipigi kelele. Kamba ya katani ni imara lakini inachoma mkono na inaacha nyuzi kila mahali. Ngozi ni nzuri mpaka inyeshewe, na Moshi mwezi wa nne hakuna kisichonyeshewa.

Mlimani hoja inabadilika tena. Mzee mmoja wa Marangu, aliyeongoza wageni tangu sijazaliwa, nilimuuliza kama pete inamsaidia. Akanijibu kwa utaratibu wake: "Mwanangu, kule juu kitu kikikuponyoka gizani hicho si chako tena." Usiku wa kwenda kileleni watu huanza kupanda kabla au baada kidogo ya saa sita za usiku, ili wafike Uhuru, mita 5,895, jua linapochomoza. Mikono imekufa ganzi, iko ndani ya glavu. Kisu kidogo laini mfukoni hakishikiki. Yeye kwenye pete ya kisu chake ameweka kipande cha kamba nyekundu chenye fundo, urefu wa kidole, hakijafungwa na chochote. Anashika fundo, anavuta, kisu kinatoka. Kikidondoka kwenye vumbi la volkano, wekundu unaonekana kwenye mwanga wa tochi.

Jibu lake nililipenda kwa sababu lilinionyesha matumizi ya pete ambayo hayahusu kufunga kabisa. Kisu kiko huru, ila kina mkia wa kukamatia. Vijana wa vitalu vya miche upande wa Tengeru, wanaobebesha parachichi (kuunganisha kikonyo cha mti mmoja kwenye shina la mwingine) kutwa nzima, wana ujanja huo huo: visu vyao vya kubebeshea havina pete, kwa kuwa mkono unahitaji mpini safi, basi wanaufunga mpini utepe mwekundu ili kisu kisimezwe na majani kinapowekwa chini. Wanachoogopa ni kukitafuta, kuanguka hakuwasumbui.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani tulikuwa nalo hapa siku zote na tukalisahau tulipoanza kuiga visu vya wageni. Mtazame Mmaasai aliyevaa sime. Sime haina pete wala kamba kwenye mpini. Iko ndani ya ala, na ala ndiyo iliyofungwa kwenye mshipi. Wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, waliofua mikuki iliyobebwa na Wamaasai, walikuwa wanafua bapa na mpini. Kubeba ilikuwa kazi ya ngozi. Kinachofungwa mwilini ni nyumba ya kisu, na kisu chenyewe kikitoka kinatoka kitupu, mkono unakipata bila kuning'inia kwa kitu.

Nilijaribu wazo hilo kwenye kisu cha mfukoni na sijarudi nyuma. Fundi viatu alinishonea kijifuko cha ngozi chembamba, kisu kinaingia kwa kubana, na kijifuko kina kitanzi cha kamba kinachopita kwenye lupu ya mkanda. Kijifuko kinakaa ndani ya mfuko wa suruali. Kisu hakisuguani na sarafu, hakijazi vumbi la mfukoni kwenye bawaba, hakipotei kwenye kiti cha daladala, na nikikitoa hakina mkia. Kwa visu vya mpini wa pembe au wa mbao, ambavyo vinakwaruzika vikilala na funguo, sioni njia bora zaidi. Mtu ataniambia hii haisaidii juu ya ngazi, kwa kuwa kisu kikishatoka kinaweza kuanguka. Kweli, na juu ya ngazi natumia kingine, chenye kikuku na kamba ya viatu. Visu viwili vidogo ni vyepesi kuliko kimoja kinachojaribu kuwa kila kitu, ingawa najua mke wangu hakubaliani na hesabu hiyo.

Kwa hiyo mtu akiniletea kisu na kuniomba nikiwekee pete, naanza kwa kumuuliza kinalala wapi. Akisema "kwenye funguo" na kisu ni kidogo cha milimita 58 au karibu na hapo, kwa kawaida pete ipo tayari, namwekea klipu tu. Akisema mfukoni na kisu kinakaribia sentimita tisa, namshauri akiache kilivyo, atafute kijifuko. Akiwa mpanda ngazi, mvuvi au mtu wa mlimani, tunazungumza kuhusu kamba kwanza, pete baadaye.

Kutoboa tundu kwenye mpini usiokuwa nalo huwa nakataa, hasa mpini wa mbao au wa pembe. Mkiani ndipo springi iliposhikiliwa na ribiti yake, chini ya mbao kuna bati la pembeni, na ukikosea kwa milimita chache umepasua mbao na kulegeza springi kwa mkupuo mmoja. Kisu kilichokaa miaka 50 bila pete kinaweza kukaa mingine. Opinel ya mbao nzima ina nafuu kidogo, kwa vile nyuma kabisa ya mpini hakuna chuma, na wengine huitoboa wakapitisha kamba. Hata hivyo toboa taratibu, kwa biti nyembamba ya kutobolea, ukianza kila upande na kukutana katikati, la sivyo upande wa pili utachanika.

Na kama pete unayo tayari na huna mpango wa kuiondoa, kuna mambo ya kuangalia kila unapokinoa. Ile ya mizunguko miwili hupanuka kidogo kidogo, mpaka siku funguo zinabaki na kisu kinakwenda zake, basi ukiona mwanga kati ya mizunguko yake, ibadilishe. Kikuku cha waya kinalika pale kinapoingia kwenye tundu, sehemu usiyoiona, kwa hiyo kisukume pembeni kwa ukucha uangalie. Pete ya chuma cha kawaida inashika kutu kwa jasho na kuupaka mpini doa la rangi ya chai. Kamba nayo isizidi upana wa kiganja ikiwa haijafungwa kwenye mkanda, maana ikitokeza nje ya mfuko itanasa kwenye kitasa cha mlango wa daladala, na konda hatakusubiri uinasue.